Kuzamia kwa mkuki na kurekodi video chini ya maji, Kisumu na Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaoogelea vizuri, wana kamera ndogo isiyoingia maji, na wangependa kushuka peke yao ziwani wakafuate samaki na kumrekodi. Tumejibu kwa kufikiria ghuba ya Winam, visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri, na fuo za Kisumu, Homa Bay, Siaya na Busia. Msimamo wetu ni mmoja, na utauona karibu kila jibu: ukiwa peke yako, kamera ndiyo ishuke, wewe ubaki juu.

Je, naruhusiwa kuwinda samaki kwa bunduki ya mkuki Ziwa Victoria?

Hapana. Kenya, bunduki ya mkuki ni zana haramu ya uvuvi. Huko pwani wapo wanaoitumia kwa siri, lakini hilo haliifanyi iwe halali, na hunyang'anywa zana wakikamatwa. Sheria kuu ya uvuvi nchini ni ile ya mwaka 2016 ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi, pamoja na kanuni zake. Kabla ya kuingiza zana yoyote majini, hata mkuki wa mkono usio na mpira, pita kwa kamati ya ufuo (BMU) na kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Wakikukatalia, usibishane nao ufuoni mbele ya wavuvi, maana wao ndio watakaokutafuta ukichelewa kurudi.

Kurekodi samaki kwa kamera ni jambo jingine, na si uvuvi. Lakini Kisiwa cha Ndere ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hiyo huko omba ruhusa kwanza, hata kama kamera yako ni ndogo kama kiberiti.

Naweza kuzamia peke yangu nikibaki kwenye kina kifupi tu, kama mita tatu?

Usifanye hivyo. Kina kifupi hakikukingi na kuzimia. Watu wenye mapafu mazuri wamefia kwenye bwawa la kuogelea lenye kina cha mita mbili, kwa sababu aliyezimia hahitaji mita ishirini ili azame. Anahitaji tu maji yaliyo juu ya pua yake na dakika chache bila mtu wa kumgeuza.

Fahamu jinsi kuzimia kunavyotokea. Hamu ya kupumua haiji kwa sababu oksijeni imepungua. Inakuja kwa sababu kaboni dayoksaidi imeongezeka. Mtu akihema haraka haraka mara nyingi kabla ya kushuka, anaifukuza hiyo kaboni dayoksaidi lakini haongezi oksijeni ya maana. Matokeo yake kengele ya mwili inachelewa kulia, oksijeni inaisha kimya kimya, na mtu anazimika akiwa bado anajisikia vizuri. Haoni dalili, wala hapati muda wa kujuta.

Jambo la pili ni shinikizo. Kisumu iko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ya ziwa ina shinikizo la kilopaskali 88 hivi, si 101 kama Mombasa. Maji yanaliongeza mara mbili ukifika mita 9. Tuseme uko chini mita 9, na hewa iliyo mapafuni imebakiwa na asilimia 5 tu ya oksijeni. Pale chini, shinikizo la oksijeni hiyo ni kama kilopaskali 8.8, na ubongo bado unafanya kazi. Ukipanda hadi juu, asilimia ileile 5 inabaki na kilopaskali 4.4. Hapo uko kwenye ukingo wa kuzimia, na bado mwili unaendelea kuitumia wakati wa kupanda. Ndiyo maana wengi huzimia kwenye mita za mwisho au sekunde chache baada ya kutoa kichwa nje, wakati mtazamaji aliye ufuoni anadhani mambo yameisha salama.

Boya, filimbi na kisu havikupulizii pumzi. Mwenzako ndiye anayeweza.

Basi tuwe wangapi?

Watatu kwa uchache: mzamiaji, mlinzi aliye majini, na mtu wa mashua. Mzamiaji mmoja tu ndiye anashuka kwa wakati mmoja. Mlinzi anabaki juu akiwa na miwani usoni, na anamtazama mwenzake akipanda, kisha anaendelea kumtazama kwa sekunde 30 kamili baada ya kutoka nje. Sekunde hizo 30 watu wengi huziruka. Hapo ndipo mtu anatabasamu, anaonyesha kidole gumba, halafu anateleza chini.

Kuna kosa moja linalojirudia kwa wanaopenda video: wanampa mlinzi kamera. Anayerekodi si mlinzi. Macho yake yako kwenye kioo, mkono wake mmoja umeshika kasha, na kichwa chake kinawaza picha. Kamera iwe kwa mzamiaji, au iwe kwenye stendi, au awepo mtu wa nne.

Na maji yakiwa na ukungu kiasi kwamba mlinzi hamwoni mzamiaji akiwa mita 2 chini, basi hakuna mlinzi. Kuna watu wawili walio peke yao mahali pamoja.

Maji ya ghuba yanaonekana umbali gani? Nasikia ni matope matupu.

Karibu na Kisumu, ndani ya ghuba, mara nyingi utaona chini ya mita moja. Ghuba ina kina kifupi, upepo unatibua tope la chini, mito ya Nyando na Sondu-Miriu inaleta udongo, na mwani unayafanya maji yawe kijani. Ukivuka mlango wa Mbita kuelekea ziwa wazi, upande wa Mfangano na Takawiri, maji huwa masafi zaidi, ingawa hata huko usitarajie kile unachokiona kwenye video za Watamu.

Pima kabla ya kuvaa chochote. Chukua kifuniko cha ndoo chenye upana wa sentimita 20, kigawe robo nne, uzipake nyeupe na nyeusi kwa kupishana. Toboa katikati, funga kamba yenye alama kila nusu mita, na chini yake uning'inize jiwe la nusu kilo. Kishushe upande wa mashua wenye kivuli hadi kipotee machoni. Andika kina. Kipandishe polepole hadi kionekane tena, andika na hicho. Wastani wa hivyo viwili ndio kipimo chako. Sisi tunashauri: chini ya mita 2, asishuke mtu, shusha kamera tu. Mita 2 hadi 3, mazoezi ya kina kifupi. Zaidi ya hapo, siku nzuri.

Baada ya mvua kubwa, subiri siku mbili au tatu, na kaa mbali na midomo ya mito hata zaidi ya hizo.

Ni saa ngapi nzuri?

Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mapema zaidi ya hapo jua bado liko chini na mwanga unateleza juu ya maji badala ya kupenya. Baada ya saa sita upepo wa ziwa huanza kusukuma mawimbi ndani ya ghuba, na mvua za radi za jioni upande wa Kisumu zinajulikana. Ukisikia radi, toka majini.

Nini hasa cha kuogopa ziwani? Mamba?

Mamba na kiboko wapo, na kila mvuvi wa eneo anajua wanakokaa. Muulize, na umsikilize. Epuka mafunjo, midomo ya mito, maji yenye magugu maji mazito, na saa za machweo. Kiboko ana hatari kubwa zaidi ukimziba njia kati yake na maji ya kina. Usimfuate kwa kamera, hata akiwa mbali.

Lakini kitakachokushika bila wewe kukiona ni nyavu. Ziwa limejaa nyavu za makira, nyingine zimetegwa usiku na nyingine zimepotea miaka iliyopita na bado zinaua. Uzi wa nailoni mmoja haukatiki kwa mkono, na ndani ya maji ya kijani hauonekani. Unanasa kwanza kwenye kifungo cha miwani, kwenye pezi la mguu, au kwenye stendi ya kamera inayotokeza. Kuna pia migonzo yenye ndoano mia kadhaa kwenye kamba moja.

Beba vikata viwili, kimoja kiunoni mbele na kingine mkononi kwa ndani, ili mkono wowote ukifikie. Mkasi mgumu wa chuma kisichoshika kutu unakata nailoni vizuri kuliko kisu, kwa sababu wavu uliolegea unakimbia mbele ya makali ya kisu. Ukinaswa, usijigeuze. Kila mzunguko unakufunga zaidi. Simama, tafuta uzi uliokaza kwa kidole, kata hapo, rudi nyuma kwa njia uliyojia. Kila kitu kinachoning'inia mwilini kibanwe au kiachwe nyumbani.

Na kichocho?

Ziwa Victoria lina kichocho cha utumbo. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji ya kando, penye majani, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali. Kwa hiyo usiingie kwa kutembea kwenye majani ya ufuoni. Panda mashua na uingilie maji ya kina, mbali na ukingo. Suti ya kuzamia yenye mikono na miguu mirefu, pamoja na soksi zake, inapunguza ngozi iliyo wazi. Hatari inapungua ila haiishi.

Kupima mara tu baada ya kuogelea hakusaidii, kwa sababu mayai hayajaanza kutoka. Nenda kituo cha afya baada ya wiki 6 hadi 8, waambie umezamia ziwani. Dawa ni prazikwanteli, na mhudumu huipima kwa uzito wa mwili wako. Haiui vizuri minyoo michanga, hivyo kuinywa siku ileile hakukukingi.

Nina risasi za mkanda, yaani vipande vya madini vya kuongeza uzito, nilizozitumia Diani. Nitumie uzito uleule?

Punguza. Maji ya ziwa hayana chumvi, na yanakuelesha kidogo kuliko ya bahari. Mtu ambaye pamoja na suti anachukua nafasi ya lita 80 anapoteza karibu kilo 2 za kuelea. Ukivaa mkanda wa Diani bila kubadilisha, utazama kwa urahisi ambao utaufurahia ukishuka na kuulipia ukipanda.

Jaribu hivi: simama wima majini bila kupiga miguu, toa pumzi ya kawaida, usisukume. Unapaswa bado kuelea, maji yakiwa karibu na macho. Ukizama, toa kilo moja, jaribu tena. Suti mpya yenye unene wa milimita 3 inaelea zaidi ya suti kuukuu, kwa hiyo pima upya kila unapobadilisha. Na kumbuka kasha la kamera lenye hewa linaelea, wakati stendi ya chuma inazama. Pima ukiwa nazo.

Mkanda ufunguke kwa mkono mmoja, kwa mvuto mmoja, na mlinzi ajue unafungukia upande gani.

Vifaa vingine ni vipi?

Miwani ya kuzamia inayofunika pua. Si ile ya kuogelea inayofunika macho tu. Ukishuka, hewa iliyo ndani ya miwani hubanwa, na lazima uipulizie kidogo kwa pua ili isikunyonye macho. Miwani ya kuogelea haikupi njia hiyo, na mishipa ya macho hupasuka.

Mrija wa kawaida, usio na vali nyingi. Utoe mdomoni kabla ya kushuka, kwa sababu ukizimia, mrija ulio mdomoni ni bomba la kuingiza maji.

Mapezi ya miguu yanayokaa bila kubana vidole. Boya la rangi kali lenye bendera, kamba ya mita 20 hadi 30 isiyojisokota. Mashua za injini za ghuba zina kasi, na nahodha hatazamii kukuta kichwa cha mtu katikati ya maji. Weka boya na umwambie kila mtu wa ufuo huo siku hiyo utakuwa wapi na utarudi saa ngapi. Maboya ya maisha, yaani jaketi za kujiokolea, yawe ya watu wote walio mashuani.

Nishuke vipi, na nikae muda gani?

Lala juu ya maji kwa dakika 2, uso ndani, unapumua kwa mrija polepole kama unayekaribia kusinzia. Usiheme kwa nguvu. Vuta pumzi moja ya mwisho, kubwa lakini isiyo ya kujilazimisha, toa mrija, inama kiunoni, nyoosha miguu juu, uzito wa miguu ukusukume.

Sawazisha masikio kabla hujashuka hata mita moja, halafu kila mita. Ziba pua, sukuma hewa kwa upole hadi usikie yanafunguka. Mita za kwanza ndizo zenye mabadiliko makubwa zaidi ya ujazo, kwa hiyo wengi huumia pale wanapodhani bado hawajashuka. Sikio likikataa, panda mita moja, jaribu mara moja zaidi, likikataa tena rudi juu. Ukiwa na mafua, siku hiyo usizamie. Hapa kamera inaleta shida yake: kama mkono mmoja umeshika kamera na mwingine umeshika mkuki au tochi, hakuna wa kuziba pua. Mkono mmoja ubaki mtupu daima.

Kwa anayeanza, sekunde 40 na mita 5 zinatosha kwa miezi. Ukitoka juu, usipulize pumzi yote nje kwa kishindo. Toa kidogo, vuta haraka, ishike sekunde moja, toa kidogo, vuta tena, mara tatu au nne. Hapo ndipo damu inapata oksijeni mpya. Kisha pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Sisi tungependa iwe mara tatu. Ukisikia baridi, kutetemeka, au miguu mizito, siku imekwisha hata kama kadi ya memori bado ina nafasi.

Nikialikwa nchi ambayo bunduki ya mkuki inaruhusiwa, nijue nini?

Bunduki hujazwa ndani ya maji tu na hutolewa mpira ndani ya maji tu, kabla ya kushika mashua. Kufuli ya bunduki haiaminiki; iliyojazwa ni iliyojazwa. Usijifunge nayo mwilini. Funga kamba yake kwenye boya, ili samaki mkubwa akivuta, avute boya. Mtu akiingia mbele yako ndani ya umbali wa kamba ya mshale, usifyatue, hata samaki akiwa wazi.

Kuhusu kurekodi: kamera iliyofungwa kwenye bunduki inaelekea inakoelekea bunduki. Ukitaka kumrekodi mwenzako akipanda, utamlenga. Hii ndiyo sababu tunakataa kabisa kamera juu ya bunduki kwa kikundi cha watu. Ifunge kamera kichwani, juu ya paji la uso, kwa mkanda wenye kufuli inayoachia ikivutwa kwa nguvu.

Kasha linaingiza maji au ukungu. Kwa nini?

Maji huingia kwa sababu ya oringi, yaani mpira mwembamba wa kuziba. Unywele mmoja, chembe ya mchanga au uzi wa kitambaa ukikaa juu yake, maji yanapata njia. Itoe kwa kidole au kadi ya plastiki, usitumie pini. Ipitishe kati ya vidole viwili uone kama ina mpasuko. Futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Grisi ya silikoni ni tone dogo la kung'arisha tu, na ni kwa oringi ambazo mtengenezaji ameruhusu. Baadhi ya mipira imetengenezwa kwa silikoni yenyewe, na grisi hiyo huivimbisha. Usitumie mafuta ya kujipaka wala grisi ya gari.

Kabla ya safari, jaribu kasha bila kamera: weka karatasi kavu ya shashi ndani, funga, lifunge na jiwe, lizamishe mita 3 kwa dakika 20. Karatasi ikitoka na doa, umeokoa kamera.

Ukungu ni hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani. Kamera inapata joto, kioo kinapozwa na maji, mvuke unageuka matone kwenye kioo. Funga kasha ndani ya nyumba kavu asubuhi, si ufuoni kwenye jua na jasho, na uweke vipande viwili vya kukausha unyevu. Usiache kamera ikirekodi juani kabla ya kushuka.

Kamera nyingi ndogo za GoPro za miaka ya karibuni huhimili mita 10 bila kasha, lakini ziwani tungetumia kasha hata kwa mita 2. Tope ni adui wa vitufe na milango yake.

Mpangilio gani wa kamera unafaa kwa maji ya kijani?

Anza na ukubwa wa 1080 kwa fremu 60 kwa sekunde, au 4K kwa fremu 30 kama mwanga unatosha. Zuia ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga, isipite 800, au 1600 siku ya mawingu. Ikipanda zaidi, tope linaonekana kama mchanga unaochemka. Usawa wa rangi nyeupe uuweke mwenyewe badala ya kuuacha ubadilike wenyewe, maana kamera itahangaika kila kivuli kikipita na rangi zitaruka katikati ya video.

Chujio jekundu linalouzwa na vifaa vya bahari ni la maji ya bluu. Kwa maji ya kijani linalofaa ni la rangi ya waridi iliyokolea. Na ukishuka zaidi ya mita 3 kwenye ghuba, vua chujio lolote, kwa sababu mwanga uliobaki ni mdogo na chujio linakula sehemu yake.

Umbali ndio kila kitu. Samaki asiwe mbali zaidi ya theluthi moja ya umbali unaoonekana. Ukiona mita 2, mrekodi kwa umbali wa sentimita 60. Kukuza picha kwa kamera kunakuza tope lililo katikati. Tochi ukiiweka karibu na lenzi, inamulika kila chembe. Iweke kando kwa mkono mrefu, kwa pembe ya nyuzi 45, au izime. Kumbuka pia kwamba kupitia kioo bapa, vitu chini ya maji huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu kwa robo, kwa hiyo ngege wa sentimita 30 ataonekana wa 40.

Washa kurekodi ukiwa juu, zima ukirudi juu. Usibonyeze kitu ukiwa chini. Kwa kasi ya megabiti 60 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 27, kwa hiyo kadi ya 64 inakupa saa mbili na zaidi kidogo. Betri itaisha kwanza.

Niko peke yangu na nataka video ya samaki leo. Nifanyeje?

Hili ndilo swali tunalolipenda zaidi. Shusha kamera ya chambo. Watafiti wa samaki hutumia njia hii duniani kote, na kamera yao hukaa chini kama dakika 60.

Nunua bomba la plastiki la nusu inchi, mita 4, elbo na tii za kuunganishia. Tengeneza mraba wa chini wa sentimita 50 kwa 50, na nguzo ya sentimita 45 nyuma yake ya kubeba kamera. Toboa matundu kila sentimita 10 kwenye bomba zote, hewa itoke na maji yaingie. Bila hivyo litaelea na kulala ubavu. Funga kilo 2 za risasi au mawe kwenye pembe za chini. Tope la ghuba ni laini mno, kwa hiyo fungia kifuniko cha ndoo chini ya kila pembe ili lisizame. Mbele, mkono wa bomba wa sentimita 70, na mwishoni mfuko wa wavu wenye omena nusu kilo iliyopondwa. Kwa maji masafi ya Takawiri unaweza kuurefusha hadi mita moja.

Kamba ya milimita 8, urefu wake uwe kina mara moja na nusu. Kata kamba ndefu zaidi uiweke mashuani, usiiache ikielea, itaingia kwenye propela ya mtu. Kamera ifungwe pia kwa kamba yake ndogo kwenye fremu, kwa sababu skrubu za kasha hulegea. Boya liandikwe namba ya simu yako, na mwambie BMU, la sivyo mvuvi ataivuta akidhani ni mtego uliopotea, na hatakuwa na kosa.

Shusha polepole, mkono kwa mkono. Ukiisikia imegusa chini, legeza kamba. Dakika 10 za kwanza zitakuwa tope tupu. Baada ya hapo wanaanza kuja: fulu wadogo kwanza kwa kawaida, wakidonoa mfuko, na mara nyingine mumi (kambare) mwenye ndevu anaingia kutoka pembeni na kuuzoa wote. Kaa mashuani ukiwa umevaa boya la maisha. Usiweke chambo mahali ambapo watu wanaogelea au wanachota maji.

Ukitaka hesabu ya maana, usijumlishe kila samaki anayepita, maana mmoja anaweza kupita mara kumi. Simamisha video, tafuta fremu moja yenye samaki wengi wa aina hiyo kwa pamoja, na hiyo idadi ndiyo unaandika. Andika pia tarehe, saa, kina na kipimo cha kifuniko chako cha ndoo.

Mwenzangu akizimia, nifanye nini kwa mpangilio?

Mlete juu, mgeuze chali, uso nje ya maji. Mvue miwani, mpulizie usoni, mgonge shavu, mwite kwa jina lake. Wengi huzinduka hapo ndani ya sekunde chache. Asipopumua, fungua njia ya hewa, zibe pua yake, na mpe pumzi za kuokoa papo hapo kama unaweza kumshika, huku mtu wa mashua akikaribia. Fungua mkanda wake wa risasi, uuache uzame.

Mashuani, kama hapumui, kwa aliyezama pumzi hutangulia kukandamiza kifua: mwongozo wa Ulaya unaanza na pumzi 5, ule wa Marekani na 2. Kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, bila kuacha. Piga 999 au 112. Usimbonyeze tumbo kutoa maji.

Hata akizinduka akicheka, asizamie tena siku hiyo. Na kama amevuta maji hata kidogo, anakohoa, au alihitaji kupuliziwa, apelekwe hospitali siku ileile, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Vifaa nivisafishe vipi, wakati ziwa halina chumvi?

Tope na mwani huharibu kama chumvi. Kasha likiwa bado limefungwa, lizamishe kwenye ndoo ya maji safi ya bomba kwa dakika 30 bila kubonyeza vitufe, kisha ukiwa ndani ya ndoo bonyeza kila kitufe mara kumi ili chembe zitoke. Likauke kivulini kabla ya kulifungua, na ulifungue likiwa limeinama chini ili tone lililobaki lidondoke nje, lisiingie kwenye kamera. Suti igeuzwe ndani nje, iloweshwe, ianikwe mbali na jua. Na vyote, mashua ikiwamo, vikaguliwe vipande vya magugu maji kabla ya kuvihamishia ziwa jingine kama Naivasha au Baringo.